Tunapoishangilia ndege ya maangamizi: ufundi wa komedi ya giza katika Dr. Strangelove

Kuna mahali katika filamu ya Dr. Strangelove ambapo Jenerali Buck Turgidson anaulizwa swali moja na rais wake. Ndege ya Marekani aina ya B-52 inaelekea Urusi ikiwa na mabomu ya haidrojeni. Redio yake imeharibika, hakuna awezaye kuirudisha, na ikifika inakokwenda, dunia yote imekwisha. Rais anataka kujua: je, inaweza kupenya? Jenerali anaanza kujibu kwa adabu ya kijeshi, kisha moto unamshika. Ananyoosha mikono kama mabawa, anaeleza jinsi rubani hodari anavyoweza kuliteremsha lile dege chini kabisa hadi moto wa injini uwachome kuku uani. Macho yanamng'aa. Inaweza? Tena sana! Na hapo hapo neno linamkwama kooni, mkono unamjia mdomoni. Amekumbuka anachokishangilia.

Tukio lenyewe ni fupi. Anayeitazama filamu kwa mara ya kwanza anacheka, linapita. Lakini mtu akinitaka nimwonyeshe komedi ya giza ni kitu gani, nitamwonyesha mkono ule ukienda mdomoni, kwa sababu alichokifanya Turgidson ndicho tulichokuwa tukikifanya sisi tuliokaa vitini. Nasi tulikuwa tumeshaanza kuiombea heri ndege ile. Namna mwongozaji Stanley Kubrick alivyotufikisha hapo bila sisi kushtuka ndiyo ninayotaka kuifumua, uzi kwa uzi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Komedi ya giza huitwa ovyo siku hizi: filamu yoyote yenye maiti wawili na utani kidogo inapewa sifa hiyo. Muuaji akifyatua risasi kisha akatoa kauli ya kuchekesha, hiyo ni filamu ya mapigano iliyotiwa chumvi. Waliosoma fasihi wamezoea kutenganisha tanzia na ramsa: ya kwanza huishia kaburini, ya pili huishia harusini. Komedi ya giza huchukua msuko wa tanzia, ule ambao kila hatua inavuta nyingine kuelekea maangamizi na hakuna pa kutokea, kisha ikaukabidhi kwa watu wa ramsa: wenye majivuno, wakaidi wa taratibu, wanaojali vijiheshima vyao. Watu hao ni wadogo kuliko jambo lililowafika. Kicheko kinatoka kwenye pengo hilo, na hofu nayo inatoka hapo hapo, ndiyo maana ni vigumu kuvitenganisha.

Kubrick hakuanza na nia ya kuchekesha mtu. Alianza na riwaya ya Peter George ya mwaka 1958, kisa kikavu cha taharuki kuhusu jenerali wa Marekani anayetuma ndege zake kuishambulia Urusi bila idhini. George alikuwa ametumikia jeshi la anga la Uingereza, na kitabuni mwake hakuna mzaha hata chembe. Mwezi Oktoba 1962 Marekani na Umoja wa Kisovieti zilifika ukingoni mwa vita kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Cuba. Miezi michache baadaye kamera zilikuwa zinazunguka katika studio za Shepperton, Uingereza. Kubrick alieleza kwamba wakati wa kuandika alijikuta kila mara akifuta mambo kwa kuwa yanachekesha mno, mwishowe akagundua kwamba hayo anayoyafuta ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukweli. Ukikaa ukafikiria kwa makini jinsi binadamu watakavyotumia saa mbili za mwisho za dunia, lazima ufikirie pia simu isiyosikika vizuri, mtu aliyeishiwa sarafu, askari asiyeelewa anachoambiwa. Kubrick akamwita mwandishi Terry Southern, wakaacha kufuta. Filamu ikatoka Januari 1964.

Hadithi inakaa mahali patatu tu: kambi ya jeshi la anga ambako Jenerali Jack D. Ripper amejifungia ofisini, Chumba cha Vita ambako rais na wakuu wake wanahangaika, na ndani ya ndege. Mahali hapa patatu hapakutani. Wa ndegeni hawasikii wanayosema wa Chumba cha Vita, na kwa muda mrefu wa kambini hawasikii wa kokote. Sisi tu ndio tunaoona pote. Katika fasihi tunaita kinaya cha kidrama: msomaji anajua, mhusika hajui. Kwa kawaida kinaya cha namna hii hutufanya tujione wajanja. Hapa kinatuchosha roho, maana tunajua kila kitu na hatuna la kufanya.

Na kila mahali pana macho yake. Kambi inaposhambuliwa na askari waliotumwa kumtia Ripper mbaroni, kamera inabebwa mkononi, inayumba, picha ina chengachenga kama ya taarifa ya habari kutoka uwanja wa vita. Wamarekani wanapigana na Wamarekani, na nyuma ya moshi linaonekana bango lenye kaulimbiu ya wale wenye ndege: kazi yetu ni amani. Hiyo haikutungwa kwa ajili ya filamu. Ilikuwa kaulimbiu halisi ya kikosi kilichosimamia ndege za nyuklia za Marekani. Kubrick hakuongeza kitu. Aliliacha tu bango lionekane.

Ofisini kwa Ripper kamera inakaa chini, karibu kabisa na uso. Sigara kubwa mdomoni, taa inamulika kidevu, na sauti ya taratibu, ya mtu aliyetulia, inaeleza kwamba wakomunisti wanayachafua maji ya kunywa ili kuwaharibu Wamarekani damu na majimaji ya mwili. Sterling Hayden hachezi wazimu. Anacheza mtu mwenye hakika. Aliyeketi naye, afisa wa Uingereza Lionel Mandrake, anamsikiliza kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa chai, huku akitafuta namna ya kumtoa mdomoni herufi tatu za siri zitakazorudisha ndege. Heshima za kijeshi zinamzuia hata kumfokea kichaa.

Chumba cha Vita nacho ni kitu kingine. Mbunifu Ken Adam alijenga pango la zege lenye kuta zilizoinama, sakafu nyeusi inayong'aa, ramani kubwa za taa ukutani, na meza ya duara iliyoning'iniziwa pete ya taa. Filamu ni ya nyeusi na nyeupe, lakini Kubrick alitaka meza ile ifunikwe kitambaa cha kijani, kama meza ya kamari, ili waigizaji wajisikie wanacheza karata na dunia. Hakuna mtazamaji atakayeuona ukijani ule. Nadhani anauona katika namna wale wanaume wanavyokaa.

Sasa ile simu, ambayo kwangu ndiyo kilele cha uandishi katika filamu hii.

Rais Merkin Muffley, anayechezwa na Peter Sellers, anampigia kiongozi wa Kisovieti kumwambia kwamba ndege za Marekani ziko njiani kumlipua. Hatumsikii wa upande wa pili hata mara moja. Tunamsikia rais tu. Anaanza kwa kuomba muziki upunguzwe, maana huko kuna ulevi na starehe. Kisha salamu: wewe mzima, mimi mzima, basi ni vizuri kwamba sote tu wazima. Kisha anaingia kwenye jambo lenyewe kwa kulizunguka: unakumbuka, Dimitri, tumezungumza mara nyingi juu ya uwezekano wa mambo kwenda mrama kuhusu bomu? Bomu, Dimitri. Bomu la haidrojeni. Anasema mmoja wa makamanda wake amechanganyikiwa kidogo, akaenda akafanya jambo la kijinga. Kimya. Haya, nitakwambia alichofanya.

Angalia lugha ile ilikotolewa. Ndivyo mtu anavyozungumza anapomweleza jirani kwamba mtoto wake amevunja dirisha. Mzungumzaji anatafuta neno laini, anajikinga, anamtuliza mwenzake, halafu anajitetea kwa nini amepiga simu kwa sauti ya lawama. Baadaye wawili hao wanaanza kushindana nani anasikitika zaidi. Rais anasisitiza kwamba naye anasikitika sawasawa na Dimitri, asiambiwe kwamba hasikitiki. Mamilioni ya watu wako hatarini, nao wanagombea nani ana majonzi makubwa zaidi.

Kinachoifanya simu hiyo iume ni kwamba rais hana kosa. Ndiye mtu mwenye akili timamu kuliko wote chumbani. Anajitahidi kwa dhati, na anazitumia zana zote alizopewa na malezi mema: upole, subira, kuomba radhi. Zana hizo zilitengenezwa kwa ajili ya dirisha lililovunjika. Hakuna adabu iliyowahi kutungwa kwa ajili ya jambo hili. Sellers anamcheza bila mbwembwe, sauti ya chini, kipara kinameremeta chini ya taa, na kadiri anavyozidi kuwa mstaarabu ndivyo tunavyozidi kucheka na ndivyo tumbo linavyozidi kutukata.

Mwaka huo huo wa 1964, mwezi Oktoba, kampuni ya Columbia, hiyo hiyo iliyoitoa Dr. Strangelove, ilitoa filamu nyingine yenye kisa kinachofanana sana, Fail Safe ya Sidney Lumet. Nayo ina ndege zisizorudishika, nayo ina rais anayezungumza na kiongozi wa Kisovieti kwa simu. Lakini pale rais ni Henry Fonda, yuko katika chumba kidogo na mkalimani, jasho linawatoka, na kila neno ni zito. Ni filamu nzuri, sisemi vingine. Ukizitazama zote mbili usiku mmoja, hata hivyo, utaona kitu. Fail Safe inakuacha na huzuni na imani kwamba angalau watu wakubwa walilibeba jambo kwa ukubwa wake. Dr. Strangelove inakunyima hata hiyo imani, na kwa hiyo mimi naiona ndiyo ya kutisha zaidi kati ya hizo mbili.

Mandrake naye ana simu yake. Amefaulu kuzikisia zile herufi za siri kutokana na michoro ya ovyo aliyoiacha Ripper mezani. Anaweza kuiokoa dunia. Simu za kambi zimeharibika kwa mapigano, imebaki ile ya kulipia, naye amepungukiwa sarafu. Anamsihi kanali aliyemkamata aifyatulie risasi mashine ya Coca-Cola ili zitoke hela. Kanali anasita: hiyo ni mali ya watu binafsi. Mwishowe anakubali, lakini anaonya kwamba rais asipopatikana, Mandrake atajibu mbele ya kampuni ya Coca-Cola. Hapa hakuna aliye mwehu. Kanali anafuata kanuni iliyo njema kabisa siku za kawaida. Yeye hajui tu kwamba siku za kawaida zimekwisha.

Sarafu zinapatikana, herufi zinafika, ndege zinageuka. Komedi nyepesi ingeishia hapo. Imebaki ndege moja.

Na hapa narudi kwenye mikono ya Turgidson. Kila tunapohamia ndegeni tunakuta filamu ya aina nyingine kabisa: ile ya kishujaa ya vita, tuliyoizoea tangu utotoni. Muziki wa ngoma za askari, wimbo wa zamani wa Marekani wa kumpokea Johnny anayerudi kutoka vitani, unarudiwa rudiwa kila ndege inapoonekana ikipita juu ya theluji. Ndani, kamera inabanana na vijana wenye vidole juu ya swichi, tunaona namba, mita, taa ndogo zinazowaka. Rubani wao, Meja Kong, amevua kofia ya chuma akavaa ya mchunga ng'ombe. Anachezwa na Slim Pickens, aliyewahi kweli kuwa mpanda farasi wa mashindano, na anawahutubia vijana wake kwa ukarimu wa baba, akiwaambia kwamba nyumbani wanawategemea na kwamba sifa zitakwenda kwa wote bila kujali rangi wala dini. Yumo James Earl Jones pia, katika filamu yake ya kwanza kabisa. Ni timu unayoipenda.

Kisha vikwazo vinaanza, kimoja baada ya kingine, sawasawa na vile mwandishi yeyote wa taharuki angevipanga. Kombora linalipuka ubavuni. Redio inakufa. Mafuta yanavuja. Hawawezi kufika walikopangiwa, inabidi watafute pengine karibu zaidi, waruke chini chini. Hatimaye wamefika, na milango ya bomu imegoma kufunguka. Mtazamaji amefunzwa na mamia ya filamu nini cha kuhisi anapomwona mtu mwema anayehangaika na mlango uliokwama: fungua! Kong anateremka mwenyewe, anakaa juu ya bomu kama anayekaa juu ya farasi, anaunganisha nyaya zinazotoa cheche. Milango inafunguka. Anaanguka nalo, kofia mkononi, akipiga vigelegele. Nimeona watu wazima wakipiga makofi hapo. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, nilivuta pumzi ya raha milango ilipofunguka, na raha ile imenikaa moyoni kama deni.

Siamini kwamba Kubrick alitaka kutuaibisha. Nadhani alitaka tukione kitu ambacho hotuba haiwezi kukionyesha, kwamba ushujaa na bidii, pamoja na upendo kwa wenzako, vinaweza kuendeshwa na chombo chochote, na vikaenda kokote chombo kinakokwenda. Tazama jinsi msuko ulivyofungwa. Kombora la Wasovieti lililokusudiwa kuiangusha ndege ndilo lililoivujisha mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyoifanya ibadili shabaha. Rais alikuwa amewapa Wasovieti shabaha za awali ili wailinde dunia, nao wakaweka nguvu zao huko, mahali ambapo ndege haipo. Kila hatua ya busara imeongeza kasi ya maangamizi. Akili iliyoharibika ni moja tu, ya Ripper. Wengine wote wamefanya kazi yao vizuri.

Hata lile pigo la mwisho lina mantiki yake. Wasovieti wana mashine itakayoangamiza uhai wote duniani endapo watashambuliwa, nayo haizimiki. Wazo hilo halikuokotwa hewani: mchambuzi wa mikakati Herman Kahn alikuwa ameijadili mashine kama hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1960, kama jambo la kupigiwa hesabu. Mashine ya kuwatisha adui inafaa tu ikiwa adui anajua ipo. Wasovieti hawakuitangaza bado, kwa kuwa kiongozi wao alikuwa anausubiri mkutano mkuu wa chama. Anapenda kuwashangaza watu.

Mambo mawili kuhusu ufundi wa uigizaji, maana ndiyo yanayoshikilia yote haya. Kubrick alimwomba George C. Scott, aliyemcheza Turgidson, ajaribu matukio kwa kupita kiasi, eti kama mazoezi tu, kisha akayatumia hayo ya kupita kiasi. Scott hakufurahi. Lakini mlinganisho na Sellers aliyetulia ndio uliojenga chumba kile. La pili ni kilichokatwa. Filamu iliwahi kuwa na mwisho mwingine uliokwisha kupigwa picha: wakuu wote wa Chumba cha Vita wanarushiana keki za krimu. Kubrick aliutupa kwa kuwa ulikuwa kichekesho cha vurugu, hauendani na sehemu nyingine za filamu. Alikuwa sahihi kabisa. Katika saa moja na nusu nzima hakuna mhusika anayejua kwamba yumo katika komedi. Keki ya kwanza ingerushwa, wote wangejua, nasi tungekuwa salama.

Kwa sababu hiyo hiyo, Dr. Strangelove mwenyewe, yule mwanasayansi mwenye mkono unaojiinukia kutoa salamu ya Kinazi, ndiye simpendi sana kama watu wengine wanavyompenda. Sellers ana kipaji cha ajabu, anacheza watu watatu katika filamu moja, lakini huyu wa tatu anakaribia kutukonyeza. Anachokisema ndicho kinachomwokoa: hesabu zake za kuishi migodini baada ya maangamizi, wanawake 10 kwa kila mwanaume, na jinsi wakuu wale wanavyoanza kuzisikiliza kwa hamu. Katika filamu yote kuna mwigizaji mmoja tu wa kike, na ni katibu wa Turgidson anayemsubiri kitandani. Nilipokuwa kijana niliona ni upungufu wa filamu. Siku hizi nikisikiliza mjadala ule wa migodi, nasikia pia sauti za wanaume ambao hawajawahi kuwa na mwanamke mezani wa kuwaambia nyamazeni.

Strangelove anainuka kutoka kiti cha magurudumu, anapiga hatua mbili, anapaza sauti kwa furaha kwamba anaweza kutembea. Picha inakatwa hapo hapo. Inafuata milipuko halisi ya majaribio ya nyuklia, mmoja baada ya mwingine, juu ya bahari na jangwa, na Vera Lynn anaimba ule wimbo wa mwaka 1939 ambao askari wa Uingereza waliagwa nao, wa kuahidiana kuonana tena siku moja ya jua, haijulikani wapi, haijulikani lini. Wimbo haujabadilishwa, haujapotoshwa, haujaharakishwa. Anauimba kwa upole ule ule aliowaimbia wanaokwenda kufa, na mawingu yanafumuka polepole, meupe, mazuri kutazama.